Seva Moja ya Kilosa

Yunis aliposimama mbele ya kamati kueleza kwa nini kompyuta ya zamani lazima iondoke, hakuna aliyembishia. Aibu ya masika yaliyopita ilikuwa bado haijamtoka mtu.

Kompyuta ile ilikaa kwenye ofisi ya umoja wa wakulima na wafugaji, Kilosa mjini, na kazi yake ilikuwa moja tu. Huko juu Kidete walifunga kifaa cha kupima kina cha mto Mkondoa. Kifaa kilituma vipimo Kilosa kwa laini ya simu, kompyuta ikavisoma, na mto ukipanda kupita kiasi, yenyewe ikatuma meseji kwa watu wa bondeni, hasa Tindiga, kwamba wahamie juu. Maji ya kutoka Kidete huchukua saa kadhaa kufika Tindiga. Kwa mtu mwenye watoto na ng'ombe, saa hizo ni uhai.

Sasa asubuhi moja ya masika yale, jua likiwaka, kompyuta ikatuma meseji kwamba mto umevunja rekodi. Watu wakaacha mashamba wakakimbia. Saitabau, mfugaji wa Tindiga, akaswaga ng'ombe wake kuelekea mwinukoni, na katika purukushani ndama kadhaa wakazama kwenye mfereji wa matope wakafa. Maji hayakuja. Mto ulikuwa umelala chini kabisa.

Yunis ndiye aliyekuwa fundi wa mfumo ule. Alikuwa binti wa wakulima wa milimani, amesomea kompyuta Dodoma, na hakupenda kubahatisha. Aliichambua mashine hadi akakuta kosa: kumbukumbu yake, pale inapohifadhi tarakimu kwa muda wakati wa kazi, ilikuwa imeharibika. Namba iliingia ndogo ikasomwa kubwa, na mashine haikujua kwamba imekosea.

Alikwenda mwenyewe Tindiga kuomba radhi. Saitabau alimsikiliza akiwa amesimama, fimbo begani. Mkewe, Namelok, akamletea Yunis maziwa, na binti yao Naishorua akakaa karibu akitazama simu ya mgeni.

"Binti," Saitabau alisema, "mimi sijui kompyuta. Lakini mtu akinidanganya mara moja, mara ya pili simsikii. Isinidanganye tena."

"Haitakudanganya, mzee. Nakuahidi."

Ahadi hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye kikao cha kamati.

Fungu lililopatikana lilitosha kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ilikuwa kununua seva, yaani kompyuta moja yenye prosesa iliyotengenezwa kufanya kazi mwaka mzima bila kuzimwa, na yenye kumbukumbu inayojikagua na kusahihisha makosa yake yenyewe. Ya pili ilikuwa kununua kompyuta mbili za mezani zenye prosesa za kawaida, kama zile za shuleni na za maduka ya stationari, moja ikae Kilosa na nyingine Mikumi, zote zipokee vipimo vilevile.

Aliyetetea njia ya pili alikuwa Herman. Huyu alikuwa na karakana ya kutengeneza kompyuta na simu Mikumi, kando ya barabara kuu, na aliwahi kusoma darasa moja na Yunis.

"Dada Yunis, sibishi kwamba seva ni bora," alisema. "Lakini inakula umeme kama jokofu. Sola yetu ilipigiwa hesabu ya mashine ndogo. Umeme ukikatika na mawingu yakatanda, betri zitafika wapi?"

"Zitavuka siku nzima. Nimepiga hesabu."

"Na yakitanda siku mbili?"

"Tutaongeza paneli. Nimeshaziomba."

Mwenyekiti, mzee Vitalis, akakohoa. "Paneli ni bajeti ya mwakani, binti yangu."

"Basi mwakani," alisema Yunis. "Mzee, hizo za mezani zitatusomea vibaya tena. Si leo, si kesho, lakini siku moja. Na mkizifunga mbili, moja ikisema mafuriko na nyingine ikisema hakuna, utamwamini nani? Watu wa Tindiga wakikimbia bure mara ya pili, hawatakimbia tena kamwe."

Herman alijikuna shingo. "Mimi naogopa zaidi mashine ikizimika kuliko ikikosea."

"Seva haizimiki."

Alilisema neno hilo kwa uhakika, na kamati ikamfuata. Yeye ndiye aliyesoma kuliko wote, na hakuna aliyekuwa amesahau wale ndama.

Seva ilitoka Dar es Salaam, imetumika kwanza kwingine lakini nzima. Ilipowashwa, feni zake zilivuma hadi karani wa ofisi ya jirani akaja kuuliza kama kuna kinu. Yunis aliipenda. Kila wiki alifungua taarifa zake na kuona imekamata kosa dogo la kumbukumbu na kulisahihisha kimyakimya. Alimpigia Herman kumringia kidogo. Herman alicheka, akasema haya bwana, umeshinda.

Vuli ikapita salama. Mwaka mpya ukaingia na mvua zake.

Siku umeme ulipokatika Kilosa, Yunis hakushtuka. Nguzo zilikuwa zimeanguka mahali fulani njiani, wakasema mafundi wako kazini. Betri zikapokea. Lakini mawingu yalikuwa yametanda tangu juzi yake, mazito ya rangi ya majivu, yasiyonyesha wala kuondoka, na paneli juu ya bati zikawa kama mapambo tu. Asubuhi iliyofuata alipofungua mlango, kipimo cha betri kilikuwa kimeshuka karibu na mstari mwekundu.

Akampigia Herman.

"Nina betri mbili kubwa hapa, zimejaa," alisema Herman. "Ningekuletea, ila gari langu limeharibika. Njoo."

Yunis alisimama mbele ya seva akijiuliza. Angeweza kuizima na kuhamishia kazi kwenye laptopu yake, ambayo ingekula umeme kidogo sana. Lakini laptopu ilikuwa na prosesa ya kawaida na kumbukumbu ya kawaida, na kuhamisha kwenyewe kungehitaji muda wa kupanga kila kitu upya. Kidete mto ulikuwa umetulia. Kilosa hakukuwa na tone la mvua. Akaona afadhali akimbilie betri.

"Mzee," alimwambia Vitalis, "nakwenda Mikumi na kurudi. Seva ikilia kwamba betri zinaisha, nipigie."

Alikodi gari la jirani. Njia inayopitia kijiji cha Ulaya ilikuwa na utelezi kwenye miteremko, na alipofika Mikumi mchana ulikuwa umeingia. Kitu cha kwanza alichokiona kwenye karakana ya Herman ni taa. Feni ya dari ilikuwa inazunguka. Redio ya kinyozi wa jirani ilikuwa inaimba. Umeme wa Mikumi ulikuwa haujakatika hata kidogo, si siku ile wala ya nyuma yake.

Herman aliona macho yake yalikoelekea. Akainama, akashika upande mmoja wa betri ili wapakie.

Walikuwa hawajamaliza kufunga kamba simu ilipoita. Ni mzee Vitalis.

"Yunis, imelia kidogo halafu imezima. Zile kelele zake zimekata kabisa."

"Sawa mzee, natoka sasa hivi. Hali ya hewa hapo?"

"Ileile. Mawingu tu."

Kile ambacho Vitalis hakukijua, wala Yunis, ni kwamba huko juu ya Kidete, milimani, mvua ilikuwa imeanza kumwagika muda si mrefu baada ya seva kunyamaza. Kifaa cha Kidete kilipima, kikatuma, kikatuma tena. Upande wa pili hapakuwa na wa kupokea.

Utelezi ulimchelewesha saa kadhaa, na Yunis alikuwa ndiyo kwanza amepita Ulaya Vitalis alipopiga tena. Safari hii sauti ilikuwa nyingine.

"Mto umekuja! Umejaa mpaka kwenye tuta, unabeba miti mizima! Nipe namba za Tindiga, niwapigie!"

Namba. Namba zote, za kila kaya ya bondeni, zilikuwa ndani ya seva.

Alisimamisha gari, akatafuta kwenye simu yake majina aliyokuwa nayo. Alimpigia Saitabau: haipatikani. Akampigia tena: haipatikani. Tindiga nako umeme haukuwepo, na simu nyingi zilikuwa zimekwisha chaji. Mwalimu mmoja akapokea, akasikia, akakata papo hapo akakimbia kuita watu. Yule mwalimu aliokoa wengi wa upande wa shule. Upande wa wafugaji ulikuwa mbali naye.

Alipofika ofisini, Vitalis alimsaidia kukaza nyaya za betri. Seva ikawaka. Mashine za namna ile haziamki upesi. Hujikagua kwanza kipande kwa kipande. Yunis alisimama akiitazama ikijikagua kumbukumbu yake yote, kwa utulivu, kana kwamba dunia nzima ina nafasi. Alitamani kuipiga teke.

Kisha ikapokea vipimo vya Kidete vilivyokuwa vikisubiri kwenye mtandao. Ikavisoma bila kukosea hata tarakimu. Ikaanza kutuma meseji: Mto unapanda kwa hatari. Hamieni juu sasa. Zikaenda kwa watu waliokuwa wameshapanda juu ya mapaa. Zikaenda kwa watu waliokuwa mitini. Yunis aliona jina la Namelok likipita kwenye kioo, na mbele yake neno: imetumwa.

Namelok alipatikana maji yalipopungua, chini ya shamba la mpunga la mtu. Alikuwa ameshafika mwinukoni na binti yake alipogeuka kufungulia ndama. Naishorua alimfuata, maji yakawazoa wote wawili. Msichana alinasa kwenye mti wa mgunga, akakaa humo hadi wanaume walipomfikia kwa kamba. Alimwona mama yake akipita.

Wengine pia walikufa. Yunis aliyajua majina yao yote, lakini aliyemjia usingizini ni yule aliyempa maziwa.

Baada ya mazishi alikwenda Tindiga. Vitalis alimwambia asiende peke yake, akakataa. Saitabau alikuwa amekaa kwenye gogo lililoletwa na mafuriko, nje ya kibanda cha turubai. Tope lilikuwa limekauka kwenye kila kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alimweleza yote. Alimweleza kulikuwa na njia mbili, akachagua moja. Alimweleza kwamba katika ile nyingine mashine moja ingekuwa Mikumi, na Mikumi umeme ulikuwepo.

"Hiyo ingetutumia meseji?" Saitabau aliuliza.

"Nadhani ingetuma. Siwezi kuapa, lakini nadhani ingetuma."

"Kwa nini ulichagua hii?"

"Kwa sababu ya wale ndama, mzee. Kwa sababu uliniambia isikudanganye tena."

Saitabau aliinua kichwa. Hakupaza sauti.

"Usinibebeshe mimi. Nilikwambia isinidanganye. Sikukwambia inyamaze."

Mlangoni mwa kibanda Naishorua alikuwa ameketi, miguu imefungwa vitambaa, anawatazama bila kupepesa. Yunis alimwita kwa jina. Msichana akainuka, akaingia ndani.

Kamati ilipokutana tena, Yunis aliomba kuacha kazi. Vitalis akamkatalia. "Ukiondoka, atakayekuja atajifunza kwa vifo vya watu wengine," alisema, na hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa huruma au hukumu. Seva ikauzwa kwa shule moja ya Magole yenye umeme wa kuaminika. Zikanunuliwa kompyuta mbili za mezani, na Yunis akahamia Mikumi, akapanga chumba nyuma ya karakana ya Herman, ili ya pili isikose mtu.

Siku wanaziunganisha, Herman aliuliza, "Moja ikisema ndiyo na nyingine ikisema hapana?"

"Inatuma ile ya ndiyo."

"Na ikiwa ni uongo?"

"Watatutukana," alisema Yunis, akaendelea kukaza skrubu.

Masika yaliyofuata mto ulipanda tena. Mashine ya Kilosa ilikuwa imeganda tangu alfajiri kwa sababu ambayo hawakuipata. Ya Mikumi ikatuma. Watu wa Tindiga walivuka na mikeka yao na mbuzi wao wakiwa na muda wa kutosha hata wa kugombana. Hakufa mtu. Vitalis alipiga simu akilia kwa furaha, na Herman akafunga karakana akanunua soda za mtaa mzima.

Yunis alipitia majina ya waliojibu kwamba wako salama. La Saitabau halikuwemo. Alipoulizia, mwalimu yule wa Tindiga akamwambia kwamba mzee aliondoka kabla ya mvua, akapitisha ng'ombe wake waliobaki kuelekea Magole, na hakuacha namba.

"Na Naishorua?"

"Yupo naye. Wanasema hawezi kuvuka maji yoyote sasa, hata kijito cha kuoshea miguu. Baba yake humbeba."

Yunis alishukuru, akakata simu. Nje Herman alikuwa anamwita, kwamba soda yake itaisha ubaridi. Hakutoka. Alikaa mbele ya kompyuta, akaendelea kutazama vipimo vya Kidete vikiingia kimoja baada ya kingine, mpaka mto ulipoanza kushuka.