Uzi Mwekundu kwenye Kikonyo

Mimi si mtu wa uongo. Wanaonijua hapa kijijini Franklin watakwambia kasoro yangu ni kinyume chake, kwamba nasema mno. Nilishamwambia mchungaji mbele ya waumini wake kwamba waridi zake zimekatwa na mtu aliyezoea kunyoa kondoo, na bado tunasalimiana. Kwa hiyo uongo nilioutoa Machi ya mwaka jana, wa maneno matatu tu, haujapata pa kukaa ndani yangu. Nalala nao, naamka nao, napalilia nao.

Jirani yangu alikuwa Merle Haldane. Kwa miaka thelathini na mmoja tulitenganishwa na uzio wa mbao unaonifika kifuani, na juu ya uzio huo kulipita kila kitu: mayai, achari ya nyanya mbichi, mkasi wa kupogolea, umbea wa bonde zima. Sahani yake ikija kwangu na keki, hairudi tupu. Amenizidi miaka kumi na miwili, lakini hakuwahi kunifanya mdogo, isipokuwa kwenye maboga.

Maboga ya Merle hayakuwa kama yetu. Yalikuwa ya kijivu, yenye mifereji mirefu, magumu kiasi kwamba huwezi kuyapasua bila shoka, na ukiyaweka vizuri unayala mpaka Oktoba. Mbegu alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Kila mwaka Merle alichagua ua jike moja, akaamka kabla ya nyuki, akalipangusa kwa ua dume, kisha akalibana kwa kibanio cha nguo ili nyuki wasilete mchanganyiko wao kutoka kwa jirani. Boga likishika, alifunga uzi mwekundu wa sufu kwenye kikonyo. Uzi ule maana yake ni moja: hili ni la mbegu, asiguse mtu. Hata marehemu mbwa wangu, aliyekuwa hana adabu kwa jambo jingine lolote, aliuheshimu.

Mwaka huo panya waliingia kwenye chupa ya mbegu. Merle alipanda kumi na moja zilizobaki, zote, bila akiba. Baridi ikachelewa kuondoka, na mpaka Februari alikuwa na maboga mawili tu yenye uzi. La kwanza, likiwa bado changa, lilipasuliwa na kiti chake mwenyewe cha plastiki, kilichorushwa na upepo kutoka barazani. La pili lilikuwa kwangu. Shina lilipanda uzio, likateremka upande wa pili, likazaa pembeni ya spinachi zangu, mahali penye jua.

Hapa kwetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: kilichovuka uzio ni cha mwenye udongo. Tawi la plamu la jirani likiinamia kwako, chuma ule. Lakini uzi mwekundu ulikuwa juu ya desturi hiyo, na Merle alikuja uzioni kuhakikisha nalijua hilo.

"Shoga, mtoto wangu amelala kwako."

"Namwona. Kodi atalipa lini?"

"Usilikate mpaka nikwambie. Kikonyo kikauke kwanza, kiwe kama kizibo cha chupa. Likikatwa bichi, mbegu zinakuwa maganda matupu."

"Merle, mimi nalima maboga tangu wewe ungali na meno yako mwenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia pole pole," akasema, "uelewe."

Machi ya bonde letu haina heshima. Asubuhi upepo wa kaskazini unakuja wa moto, unakausha bustani huku unaiona, nawe unamwagilia. Ifikapo saa nane umegeuka, unatoka kusini-magharibi na mvua ya barafu ndani yake, nawe unachimba vijifereji ili maji uliyoyaomba asubuhi yaondoke. Jioni jua linatoka kama halikufanya kosa lolote. Wiki ile nilifunga nyanya zangu kwenye vigingi mara tatu, na mara tatu nilizikuta zimelala kifudifudi. Mwisho nilizichuma zikiwa za kijani, nikazizungushia magazeti na kuzilaza kwenye droo za kabati, nguo zangu zikahamia kitandani.

Alhamisi nilikwenda posta. Trudi, mwenye duka la posta, alikuwa akipima kifurushi changu.

"Basi nani kainunua ya Merle?" akauliza.

"Ya Merle nini?"

"Nyumba." Kisha akaniona usoni, akaanza kuhangaika na mizani. "Nilidhani wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kujua. Si anavuka bahari kuhamia Bara kwa binti yake, kule Bendigo? Aprili hii."

"Ah, hiyo," nikasema. "Najua."

Sikujua. Nilirudi nyumbani upepo ukinipiga usoni, na njia nzima nilikuwa nahesabu ni siku ngapi Merle alisimama uzioni akaniambia habari za konokono. Iliniuma, niseme ukweli. Iliniuma kuliko nilivyotegemea kitu chochote kiniume katika umri huu. Miaka thelathini na mmoja, halafu habari zako nazipata kwa Trudi, nikiwa na stempu mkononi.

Redio ilikuwa imeonya kwamba upepo ungegeuka mchana, na kwamba mabadiliko yangekuja kwa nguvu. Watu wafunge vinavyopeperuka. Maboga yangu saba yalikuwa tayari, au karibu. Niliyakata, nikayaachia vikonyo virefu, nikayabeba kwa kuyakumbatia, maana boga likibebwa kwa kikonyo, kikakatika, limeshaoza hata kama hujaliona. Nikayapanga bandani. Upepo ukitulia ningeyapandisha juu ya bati la banda yakaangwe na jua wiki mbili kama kila mtu afanyavyo. Kisha nikafika kwa la nane.

Lilikuwa limekaa pale na uzi wake mwekundu. Gari la Merle halikuwepo. Alikuwa ameenda Huonville kwa daktari wa macho. Nilisema kwa sauti, peke yangu kwenye bustani: kilichovuka uzio ni cha mwenye udongo. Nikainama. Kikonyo kilikuwa cha kijani, kimejaa maji. Kisu kilipita bila kazi yoyote, na hilo pekee lilitosha kunijulisha nimefanya nini. Lakini si kwamba sikujua kabla. Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujisimulia vinginevyo.

Hasira haikudumu hata kunifikisha mlango wa jikoni. Nilisimama nimelishika lile boga kifuani, nikalirudisha pale lilipokuwa, nikaunganisha kikonyo na shina kwa vidole, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, kana kwamba vingeshikana. Na hapo ndipo upepo ukageuka. Ndani ya dakika chache joto lote liliondoka, mawingu yakashuka, mvua ikaja kwa ubavu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilibaki kwenye mvua ile. Nikalipasua shina la Merle kwa mikono, palipopitiwa na kisu pasionekane. Nikakiponda kikonyo kwa tofali. Nikatawanya majani. Nikaliviringisha boga kwenye matope mpaka chini ya uzio, nikaliacha hapo. Kukata ilikuwa hasira, na hasira ninaweza kuielewa. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Kesho yake asubuhi Merle alikuwa uzioni, kitambaa kichwani, anaangalia chini.

"Glenys," akaita. "Nini tena hiki?"

"Limeng'olewa na upepo," nikasema.

Aliangalia muda mrefu. Mimi nilijishughulisha na kuinua spinachi moja iliyokuwa imesimama vizuri tu.

"Basi," akasema mwishowe. "Afadhali upepo. Na upepo huwezi kugombana."

Tulilipasua jikoni kwangu, mimi na shoka, yeye ameshika taulo. Nyama yake ilikuwa ya njano hafifu, haikuwa na ile rangi ya machungwa ninayoijua. Merle alitoa mbegu kwa vidole, akaiminya moja, ikalala bapa kama bahasha isiyo na barua. Akazimwaga zote kwenye beseni la maji. Nzima zinazama, tupu zinaelea. Karibu zote zilielea. Nne zilizama, na hata hizo zilizama shingo upande.

Alizipangusa zile nne, akazipanga juu ya gazeti. Kisha akalisukuma gazeti mezani mpaka likagusa mkono wangu.

"Haya. Zako."

"Zangu za nini? Si unazipeleka Bendigo?"

Hapo nikajiuma ulimi. Merle aliniangalia.

"Nani kakwambia?"

"Trudi."

"Trudi na mdomo wake." Akakaa chini, akavua kitambaa. "Nisamehe, mwaya. Mara ngapi nimekuja hapo uzioni nikwambie, nikaishia kusema habari za konokono. Nikajisemea, nitamwambia siku nitakayompa boga. Nikiwa na kitu mkononi nitaweza."

"Kunipa?"

"Ulidhani nalipeleka wapi? Kule nina kibaraza cha saruji, Glenys. Kinatosha kiti na chungu cha mnanaa, basi. Binti yangu Janine hata mchicha hajui unaotaje. Lile lilikuwa lako tangu siku liliposhika." Akacheka kidogo. "Kwani unafikiri shina lilipanda uzio lenyewe? Mimi ndiye nililielekeza. Kila asubuhi nalisukuma kidogo, nalishikiza kwa kijiti, wewe bado umelala. Nilitaka lizaliwe kwenye udongo wako, lizoee."

Nilifungua mdomo. Mungu anajua niliufungua. Maneno yote yalikuwa pale, na mkono wake ulikuwa juu ya gazeti, na kucha zake zina udongo ambao hautoki tena.

"Niteleke chai," nikasema.

Aliondoka tarehe kumi na mbili Aprili. Tulikumbatiana barabarani, upepo ukatuvuruga nywele, akaniambia natakiwa kunywa maji zaidi na kugomba kidogo. Nyumba wameichukua vijana wawili wa mjini, watu wazuri. Wameweka nyasi mahali palipokuwa na bustani.

Oktoba nilizipanda zile nne kwenye vikopo dirishani jikoni, nikazifunika kwa kioo. Nilizingoja kuliko nilivyowahi kungoja barua. Wiki ya nne nilichokonoa kwa kidole. Tatu zilikuwa ute. Ya nne ilikuwa ganda zima, zuri, halina kitu ndani.

Jumapili ile Merle alipiga simu, kama apigavyo kila Jumapili baada ya ibada.

"Zimeota?"

Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. Janine alikuwa ameniambia haoni vizuri tena, na kwamba kutwa haondoki hapo kibarazani.

"Moja," nikasema. "Moja imeota."

Nikamsikia anamwita binti yake, anamwambia imeota, imeota moja. Ningeyarudisha vipi maneno hayo? Tangu hapo boga lisilokuwepo limekua vizuri sana. Nimelivika majani mawili, halafu manne. Naandika kwenye kalenda nilichosema ili wiki ifuatayo nisikosee. Desemba Merle aliuliza kama shina linatambaa, nikamwambia linaelekea uzioni, akacheka mpaka akakohoa. Januari nilimwambia limetoa ua jike. Alinielekeza upya kila kitu, kuamka kabla ya nyuki, ua dume, kibanio, na siku chache baadaye bahasha ikafika. Ndani mlikuwa na kipande cha uzi mwekundu, kirefu kama kiganja.

Sasa ni Machi tena. Asubuhi ya leo upepo ulikuwa wa kaskazini, nimemwagilia. Kabla ya saa nane umegeuka, nikakimbilia nguo kwenye kamba na nyanya kwenye vigingi, nikarudi ndani nimelowa, na simu ikalia.

"Redio inasema kwenu kuna upepo," alisema Merle.

"Upo kidogo."

"Limeshikilia?"

"Limeshikilia."

"Kikonyo je? Kimekauka?"

Nilikuwa nimesimama dirishani. Uzi wake ulikuwa mkononi mwangu, nimeuzungushia kidole mpaka ncha imekufa ganzi. Pembeni ya spinachi palikuwa na udongo mtupu, maji yanatuama.

"Bado kibichi," nikasema.

"Basi sikiliza, shoga. Usiwe na haraka. Usilikate mpaka nikwambie."

"Silikati, Merle."

"Nakuamini," akasema, na akaanza kunieleza habari za mnanaa wake.