Bwana Kimya Hajapiga Simu

Siku ya tisa tangu akatazwe kusema, Bi Halo aliandika daftarini, "Uji hauna sukari," akalisukuma mezani. Mumewe alilisoma, akainuka, akaleta kopo la sukari bila kutia neno. Alikuwa fundi saa, na maneno yake aliyapima kwa kijiko hata siku za furaha. Mgeni angeingia nyumbani humo asubuhi hiyo asingejua kuwa kuna mgonjwa.

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Halo alikuwa mpokea simu wa hospitali kuu. Kila aliyepiga alimsikia yeye kwanza: "Hospitali, habari za saa hizi, nikusaidie nini?" Ilikuwa sauti laini isiyo na haraka, iliyoweza kumtuliza mtu mwenye mgonjwa mahututi mkononi. Wengine walipokuja hospitalini walipita makusudi kwenye kidirisha chake kumwona mwenye sauti, wakamkuta mama mfupi mnene mwenye sweta la kahawia, wakaondoka wakishangaa. Jina la Bi Halo alipewa na madaktari kwa utani, likamganda mpaka mtaani.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya sentensi. Daktari wa koo alimmulika, akasema kuna vinundu. "Mwezi mzima, mama, usiseme hata neno. Wala usinong'one, kunong'ona ndiko kubaya zaidi." Mume alipotoka kwenda kuchukua dawa, daktari aliongeza kwa upole, "Na ukirudi kwenye simu ile, mwaka hautaisha. Sauti itakwenda moja kwa moja."

Hilo la pili Bi Halo alilifungia moyoni. Mara tatu alianza kuandika barua ya kuacha kazi na mara tatu akaichana. Kubwaga manyanga ukiwa mzima, ukaagwa na kupigiwa makofi, ni jambo la heshima. Kubwaga manyanga ukiwa na cheti cha daktari, huku wenzako wanakushikia zamu, aliona ni kutorokea dirishani. Tena bila simu angekuwa Bi nani? Alijikaza kisabuni, akaamua kwamba likizo ikiisha atarudi, na koo litajijua.

Kutwa alipokea pole. Kwa kuwa hasemi, watu walidhani pia hasikii. Jirani alimfokea "POLE SANA!" hadi kuku wakatawanyika uani.

Mchana wa siku hiyo ya tisa, Jumamosi, alikuja mwenzake wa zamu, binti mchangamfu aliyefundishwa kazi na Bi Halo mwenyewe. Alibeba machungwa na kadi iliyojaa sahihi. Fundi saa alikuwa amefunga duka mapema, akaketi pembeni na kisu, akaanza kuwamenyea.

"Dada, usijibu! Nimekuja kusema mimi," alianza mgeni. "Kiti chako hakuna aliyekikalia. Msimamizi alitaka kuleta mtu wa muda, tukamkatalia katakata. Tumegawana zamu zako. Mimi nafanya mbili mbili, lakini usijali, nimezoea."

Hakuwa amezoea. Macho yalikuwa mekundu, na alipiga miayo akiificha kwa kiganja. Bi Halo aliona huruma, akaona na haya.

"Halafu, shemeji, kuna kichekesho," mgeni akamgeukia fundi saa. "Tuna mtu wetu tunamwita Bwana Kimya. Mwaka wa sita huu, karibu kila siku saa nne asubuhi anapiga. Dada akishasema 'nikusaidie nini,' yeye kimya, halafu anakata. Mtambo wetu wa kizamani hauonyeshi namba, kwa hiyo hatumjui. Dada alikuwa akimbembeleza, 'Sikusikii, ndugu yangu mpenzi, jaribu tena.' Basi tangu augue, yule bwana hajapiga! Siku ya kwanza alipiga, akasikia sauti yangu, akakata hapo hapo. Mpaka leo. Mimi nasema dada ana mpenzi wa siri!"

Aliangua kicheko peke yake. Fundi saa, ambaye vidole vyake hushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, aliangusha chungwa. Likabingirika hadi miguuni pa mgeni. Aliinama kuliokota, na akabaki ameinama muda mrefu kuliko chungwa lilivyohitaji. Shingo yote ilikuwa imelowa jasho.

Bi Halo alivuta daftari. "Ni wewe?"

Mumewe alisoma. "Sikuwa na nia ya kuisumbua hospitali," alisema akijiumauma. "Nilikuwa nakata upesi, ili mwenye mgonjwa asizuiwe."

"Shemeji!" Mgeni alibaki mdomo wazi. "Mtu unalala naye nyumba moja, unampigia simu?"

"Sauti ile harudi nayo nyumbani," akasema fundi saa, na hakukuwa na lawama ndani yake. "Anaimalizia huko. Jioni anafika amechoka, chumvi ananionyesha kwa kidole. Ni kazi, naelewa. Basi nikawa napiga. Nasikia kidogo, narudi kwenye saa zangu."

Kwa mara ya kwanza tangu augue, Bi Halo alishukuru kwamba haruhusiwi kusema. Watu mia mbili kwa siku, wasiojulikana, wengine wakorofi, aliwauliza awasaidie nini. Mwanamume huyu aliyempenda tangu ujana ilimbidi apange foleni pamoja nao, naye akaona hiyo inamtosha. Hakujua amcheke au amlilie. Alichojua ni kwamba alimpenda sana, na kwamba amechelewa kumwambia.

Alifungua ukurasa mpya. Aliandika bila kusita kwamba anaomba kuacha kazi tangu siku ya mwisho ya likizo yake ya ugonjwa, kwamba daktari amesema koo halitaweza tena, na kwamba kiti chake kikaliwe. Akatia sahihi, akachana ukurasa, akampa mgeni.

Uso wa binti ulimshuka. "Dada, umebakiwa na siku ishirini na moja. Subiri basi upone, ndipo uamue."

Bi Halo aliandika kwenye ukurasa mwingine, "Nikipona sitaweza kuwakatalia. Acha niondoke nikiwa bado mgonjwa."

"Na mimi nitakaa na nani pale?"

Bi Halo aliiweka kalamu chini. Walikumbatiana mpaka sweta la Bi Halo likalowa begani. Kisha binti aliikunja barua, akaitia mkobani, akaaga akifuta macho, na yeye pia, kama yule jirani, akamfokea shemeji yake kwaheri kana kwamba ni kiziwi.

Walipobaki wawili, fundi saa alikuwa amenywea kitini. "Umeacha kazi kwa upuuzi wangu?"

Bi Halo alitikisa kichwa. Akaonyesha koo lake. Akafikiri kidogo, akamnyooshea kidole na mumewe. Kisha akaandika, "Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Lini?"

"Kila ulipopiga."

"Kila mara?" Alikifuta kisu cha machungwa, akakiweka mezani. "Ile ya kwanza ilikuwa mvua. Nilitaka kukuambia imeanza kunyesha huku, lakini nimekimbia nyumbani, nimeanua nguo. Ukasema 'nikusaidie nini.' Nikaona aibu, mtu yuko kazini namsumbua kwa nguo."

Mabega ya Bi Halo yalitikisika kwa kicheko kisichotoa sauti, machozi yakimtiririka. Alisukuma daftari mbali. Akainua vidole viwili.

"Ya pili?" Fundi saa alisogeza kiti chake karibu, akajikohoza kama mtu aliyeitwa kuhutubia. "Ya pili ilikuwa kesho yake. Alikuja bibi mmoja na saa ya marehemu mumewe, hataki itengenezwe, anataka tu niifungue aone ndani. Ngoja nikuanzie mwanzo."