Kilichogonga Chini ya Kiti cha Urho

Tauno Kangas hukiri mwenyewe, tena bila kubanwa, kwamba siku zile mjinga alikuwa yeye. Wala si ujinga mdogo wa kusahau funguo mezani. Kwa siku kumi nzima alikuwa akiendesha gari huku akizungumza na marehemu, na marehemu akimjibu kwa kugonga.

Mlio ulianza siku waliyomzika kaka yake, Urho, theluji ya kwanza ya Novemba ikidondoka. Tauno alikuwa anarudi kutoka makaburini peke yake kwenye pikapu yake kuukuu. Ko. Ko. Ko. Upande wa kulia, chini ya kiti ambacho Urho alikikalia kila asubuhi kwenda mgodini kwa miaka ishirini na sita. Tauno akikanyaga mafuta, kugonga kunaharakisha. Akipunguza mwendo, kunatulia, kama mtu aliyeridhika. Na Urho, enzi za uhai wake, kazi yake kwenye kiti kile ilikuwa moja tu: kumwambia mdogo wake apunguze mwendo.

Basi Tauno akapunguza. Akawa anajikokota kwa mwendo wa trekta, malori ya magogo yakimpigia honi kwa nyuma, naye anakihadithia kiti kitupu habari za barafu ziwani na nani kaua kulungu mkubwa mwaka huu. Alikifunga hata mkanda.

Jumamosi, Saimi, mjane wa Urho, akamwomba ampeleke makaburini akawashe mshumaa. Alipofungua mlango aliukuta ule mkanda umefungwa juu ya kiti kisicho na mtu. Akautazama, akamtazama shemeji yake, akaufungua na kuketi.

Hawakufika hata kwenye njia panda.

"Shemeji, gari lako linagonga."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi. Usinicheke, Saimi. Ni Urho."

Saimi hakucheka. Alikuwa ametia grisi malori ya mgodi kwa miaka kumi na minane, na vitu vingi vilikuwa vimemgongea.

"Haya, tumuulize basi," alisema. "Kanyaga mafuta."

Ko-ko-ko-ko.

"Sasa toa gia, liache lijiendee."

Injini ikashusha sauti. Kugonga kukaendelea vilevile, hakukupungua hata chembe.

"Si injini. Mlio unafuata gurudumu."

"Urho hakuwahi kuzipenda injini," Tauno alisema, akimaanisha kabisa.

"Endesha, wewe. Pale mbele sogea kulia, karibu na mwamba."

Pale barabara imepasua kilima, na mwamba umesimama kama ukuta. Saimi akashusha kioo, baridi ikaingia na kukaa katikati yao, naye akatoa kichwa nje, kitambaa kikipepea. Mwamba ukaurudisha ule mlio mkubwa na wazi. Tauno akatega sikio. Haukuwa tena mlio wa kitu. Ulikuwa hatua. Mtu alikuwa akitembea kando yao, upande wa mwamba, buti nzito, bila kuachwa nyuma wala kutangulia.

"Anatembea nasi," Tauno alinong'ona.

"Kata kushoto kidogo."

Akakata. Hatua ikawa kishindo, na usukani ukamtetemeka mikononi kama kitu chenye uhai.

"Simama," Saimi alisema. Mbele yao barabara ilikuwa inateremka kwenda darajani, na chini ya daraja mto ulikuwa bado haujaganda. "Tauno, simama."

Mguu wake ulikataa kwenda kwenye breki. Akisimama, huyu mwanamke angeshuka, angeinama, angekitafuta kinachogonga mpaka akipate. Na akikipata, kaka yake angekufa mara ya pili.

"Utamnyamazisha," alisema.

"Nina watoto wawili waliobaki na mzazi mmoja. Simama."

Akasimama.

Saimi akabandua kifuniko cha gurudumu la mbele kwa bisibisi. Nati mbili zikadondoka kwenye theluji. Tatu zilizobaki akazizungusha kwa vidole, glavu zikiwa bado mkononi.

"Nani alifunga hili?"

Kila Novemba yeye na Urho walivalisha gari matairi ya theluji pamoja. Yeye alitangulia na jeki na spana fupi, akizishikiza nati tu, kisha Urho alikuja nyuma yake na spana ndefu, akikaza moja moja huku akiguna kama dubu. Miaka yote hiyo Tauno hakuwahi kumaliza kukaza nati hata moja. Haikuwa kazi yake. Asubuhi ya mazishi alibadilisha magurudumu yote manne, kwa sababu kilima cha makaburini kinateleza, akafungasha jeki, akaingia ndani kuvaa suti.

Hakuna aliyekuja nyuma.

Akageuka kuitazama barabara waliyotoka. Nyeupe, tupu, mpaka kwenye kona. Akaendelea kuitazama kwa muda ambao Saimi aliuona mrefu.

"Shika," Saimi alisema, akimpa spana ndefu iliyokuwa nyuma ya kiti.

Tauno akakaza magurudumu yote manne, nati kwa nati, kwa mkingamo, moja kisha ya upande wa pili. Kwenye gurudumu la tatu alisikia mtu anaguna, akaacha. Mgunaji alikuwa yeye.

Wakavuka daraja. Gari lilikuwa kimya kiasi kwamba mshumaa ulisikika ukibiringika kwenye dashibodi.

"Umemfukuza," Tauno alisema.

"Umekaza nati."

"Mbona ilianza siku ileile? Mbona upande wake? Alikuwa nje kwenye baridi, Saimi, anagonga aingie, na mimi nikamwacha."

Saimi aliukamata mshumaa kabla haujaanguka.

"Nimekaa na Urho miaka thelathini na mmoja, shemeji. Hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango wowote, hata wa choo."