Kibao Alichovalishwa Keza

Mama mwenye mtoto chuo kikuu, soma hii kabla hujamnunulia kitabu kingine cha Kifaransa. Sikatai Kifaransa. Hapa kwetu bila Kifaransa hakuna ofisi itakayokufungulia mlango, hata mlinzi anakusalimu kwa Kifaransa akiona umevaa viatu vizuri. Ninachokataa ni kitu kingine, nami nitakieleza polepole, maana shule yangu iliishia primere, shule ya msingi, kule Kiringye, na sitaki kuharakisha nikakosea.

Mtoto wangu anaitwa Keza. Baba yake, Ngendakumana, alikuwa mulimaji wa bonde la Ruzizi, Murundi wa huku huku, na babu zake wamezikwa Kiringye. Alipokufa nilihamia Nyamianda, mtaa wa hapa Uvira, na mtoto mgongoni, nikaanza kuuzisha ndagala, vile visamaki vya ziwani. Keza amekulia Nyamianda. Kiswahili chake ni cha Nyamianda, hata matusi yake ni ya Nyamianda. Lakini jina ni la Kirundi, na siku hizi kwenye bariere, vizuizi vya wenye bunduki njiani, wanasoma jina kwanza, uso wanauangalia baadaye.

Mwaka wa pili alikuta kozi moja iliyomsumbua: Kifaransa cha kati. Si kile cha kuanzia, cha kusalimiana na kutaja rangi. Hiki ni cha kusimama mbele ya mwalimu na kutetea mawazo yako kwa mdomo, bila karatasi. Sesio ya kwanza ya mtihani Keza alianguka. Ikabaki sesio ya pili. Ukianguka na hiyo, unarudilia mwaka mzima, na mimi nilikuwa nimemwambia wazi kwamba mwaka wa kurudilia sitauweza. Alijua. Mtihani ule wa mdomo ndio ungesema kama anaendelea na masomo ama anarudi kwangu kwenye ndagala.

Mwalimu wa kozi, asistani Damien, alikuwa na dawa yake ya kulainisha ndimi: kibao, kipande cha ubao chenye kamba ya shingoni. Sisi wa zamani tunakijua. Kule primere, ukiteleza ukasema Kiswahili ama Kirundi, ulivalishwa kitu shingoni, na hukukivua mpaka umkamate mwenzako naye ameteleza. Chetu kilikuwa mfupa wa ng'ombe. Nilidhani mambo hayo yamekufa. Kumbe asistani Damien ameyafufua, kwa watu wenye ndevu na matiti. Alisema ni mchezo tu. Lakini mchezo wenyewe haukubaki darasani. Njiani, sokoni, jikoni kwa mama yako, popote mwenzako wa kozi anapokusikia, anakuvalisha. Na atakayeingia mtihani akiwa nacho anapunguziwa pointi kabla hajafungua kinywa.

Siku zile kibao kilikuwa kwa Laure, rafiki ya Keza, naye alikuwa anangojea sesio ya pili, tunakaa avenue moja. Laure hakubanduka kwangu. Eti anakuja kutusaidia kuchambua ndagala.

"Keza, chumvi iko wapi?" niliuliza.

"Sur la table, maman."

"Unaniambia nini?"

Akanionyesha meza kwa kidole. Capitoline, jirani yangu anayeuzisha mafuta ya mawese, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Keza, ulizaa muzungu ukanyamaza. Muulize kama ugali anaukumbuka."

"Weye cheka. Olga wako akifika chuo utakuja kwangu kuomba mashauri."

"Olga wangu atasema Kifaransa na chumvi atanipa mu mukono." Akamgeukia Laure. "Na weye mwenye kuninginiza ubao kama mbuzi wa kuuzisha, unangojea nini hapa kila siku?"

"Nangojea Keza ateleze, mama. Minye hata nikisema Kiswahili hakuna neno, kibao ninacho tayari."

"Na asipoteleza?"

"Atateleza. Kila mutu anateleza akishituka."

Tulicheka wote. Keza pia alicheka, midomo imefungwa.

Asubuhi ya mtihani walitoka pamoja, Keza na Laure. Chuo kiko upande wa Kavimvira, na karibu na daraja vijana wenye bunduki walikuwa wameweka bariere mpya, kamba tu na mawe. Haya yanayofuata sikuyaona. Nimeyapata kwa Keza, na mmoja wa vijana wale hakuyakana.

"Weye, simama. Unaenda wapi?"

Keza alimtazama Laure. Laure alikuwa ubavuni mwake, kibao ndani ya blauzi, masikio yamesimama.

"Je vais à l'université, monsieur."

"Nimekuuliza kwa Kiswahili."

"J'ai un examen." Alikuwa anawaambia anaenda chuo, ana mtihani.

Mwanzo walicheka. "Huyu ametoka Paris na kandambili," mmoja alisema, na Keza naye akatabasamu, akidhani ameshapita. Kisha wakaomba kadi. Aliyeishika akasoma kwa sauti: Keza Ngendakumana. Kicheko kikakatika.

"Hajui Kiswahili huyu. Mutu gani wa Uvira hajui Kiswahili? Nani amekutuma?"

Laure, kwa kuwa kibao kilikuwa kwake, alikuwa huru kusema lugha yoyote. Neno moja lingetosha: huyu ni wa Nyamianda, namujua. Alinyamaza, kwa sababu alimuona mwenzake ameanza kushituka, na mtihani ulikuwa karibu.

"Ndugu zangu," Keza alisema, "minye ni mutoto wa Nyamianda. Mama yangu anauzisha ndagala kwa soko. Muulize huyu, ananijua."

Kabla hawajamuuliza, Laure alichomoa kibao na kukitia shingoni mwa Keza. Pale pale, mbele ya bunduki. Keza anasema haikuwa kwa ubaya, mkono ulikwenda wenyewe kama wa mtu anayefukuza inzi. Mimi sijui. Mkono ule ulikula kwangu.

"Iko nini hiyo? Mumepeana nini?"

"Ni muchezo wa ku chuo," Laure alijibu.

"Muchezo. Na weye Kiswahili ulikijua wakati wote. Kwa nini ulikificha?"

Hebu jibu weye swali hilo. Waambie watu wenye silaha kwamba uliificha lugha kwa ajili ya pointi. Kwao anayeficha lugha anaficha na kingine. Kile Kiswahili ambacho kingemvusha mara moja, sasa ndicho kilichomharibia. Kibao wakakigeuzageuza, wakakinusa, wakibishana kama ni dawa ya vita. Kadi ya Laure haikuwa na jina la kuwatisha, wakamwachia. Akaenda kufanya mtihani. Keza akakalishwa chini juani, wakamkataza kukivua mpaka mkubwa wao afike.

Habari ililetwa na Capitoline, naye aliipata kwa mwenye taxi-moto. Safari hii hakucheka. Niliacha ndagala wazi mezani, nikakimbia. Pale bariere nilimkuta Thierry, mtoto wa Célestine, tuliyekaa naye ua mmoja nilipofika mjini.

"Thierry, weye nimekulisha na mukono huu."

"Mama, hatukumutambua. Aliongea Kifaransa."

"Mutu akisema Kifaransa ni adui?"

"Hapana, mama. Ni kuficha Kiswahili. Angetujibu vizuri tangu mwanzo angekuwa amefika."

Na mtoto wangu alikuwa amekaa chini akisikia.

Nilimwomba Thierry, nikamwomba na mkubwa wake alipofika, nikataja kaburi la baba ya Keza na la babu yake. Jua lilipogeuka wakamwachia. Hakupigwa. Watu waliniambia nishukuru Mungu kwa hilo, nami nilishukuru. Lakini alipoinuka niliona sketi imelowa. Nilivua kitenge changu cha juu nikamfunga kiunoni, tukaenda chuo hivyo hivyo.

Asistani Damien alikuwa anafunga mlango wa darasa. Keza alisimama mbele yake akamweleza yote, kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa sikijui, lakini kukwama nakujua, na mtoto hakukwama popote. Maneno yalitoka yamefuatana kama maji ya bomba. Kama ule si mtihani wa mdomo, sijui mtihani unafananaje.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, kile kile chetu cha Uvira:

"Mama, pole sana. Lakini minye ningefanya nini? Jina tumeliita, hakukuwa. Sheria ya chuo haiko yangu."

Wanafunzi wengine walikuwa bado wamesimama kwenye koridori, Laure kati yao. Wote walimsikia mwalimu anasema Kiswahili mlangoni pa darasa lake. Hakuna aliyetikisika. Keza alikuwa ameshika kibao mkononi, na kwa mchezo wao ilikuwa haki yake kumvalisha mwalimu. Nilimwangalia. Aliangalia sakafu, akavingirisha kamba kwenye kidole, akaivingirisha tena.

Tulirudi kwa kupitia bariere ile ile. Thierry alitusalimu. Keza alimwitikia kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kama mtu anayesoma tangazo.

Sasa anauzisha pamoja nami. Wateja wanampenda, anajua kupatana. Nikimsemesha kwa Kirundi, anaangalia kwanza nyuma yake kabla ya kujibu. Kifaransa hakitoki tena kinywani mwake, hata redio ikikisema anabadilisha. Kwa hiyo mama, kabla ya kufurahia masomo ya mwanao, muulize: huko kwenu mnavalishana? Kibao leo kiko kwa nani? Na mwambie njiani ajibu kwa lugha aliyoulizwa, mwenzake amsikie asimsikie, pointi zipotee zisipotee. Mwambie asubuhi, na kesho yake umwambie tena.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Laure alikuja kwenye meza yetu. Yeye alifaulu. Alisimama mbali kidogo.

"Jambo, mama. Asistani anaulizia kile kibao. Wale wapya wanaanza."

"Nilikifanya kuni, nikapikia maharage," nilimwambia, na ilikuwa kweli.

Laure alimtazama Keza. Keza hakuinua uso, aliendelea kutoa mchanga kwenye ndagala.

"Atachonga kingine," alisema Keza.

Amekwisha kuchonga. Juzi kimepita mbele ya meza yangu, mti wake bado mweupe, shingoni mwa Olga wa Capitoline. Nilimwita. Alinipungia mkono, akanijibu kwa Kifaransa, akaendelea kuelekea daraja.