Zamu ya Lukresia

Lukresia aliuona mkungu wake ndani ya hori la ng'ombe wa Fabian, akasimama palepale njiani na jembe begani. Hakuwa na shaka. Kwenye kikonyo kilining'inia bado kile kipande cha kanga kuukuu alichokifunga mwenyewe. Zilikuwa ndizi mshare, nene, za kupika, alizozikata Ijumaa na kuzibeba kichwani hadi hapa, kwa sherehe ya komunio ya kwanza ya Gabriel, mtoto wa Fabian. Monica, mama wa mtoto, alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka pembeni. Leo ng'ombe alikuwa akizitafuna bila haraka.

Mwaka ule wa tisini na nne watu wa Kibosho walikuwa na mazungumzo mawili: bei ya kahawa, ambayo waliisema kwa sauti, na ugonjwa, ambao waliunong'ona. Julius, mume wa Lukresia, alikuwa dereva wa lori. Alirudi nyumbani amekonda, akalala mwaka mzima, akafa. Siku ya mazishi watu walijaa kihamba kizima, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Walichimba kaburi, wakalia, wakaimba. Lakini chakula kilipopakuliwa, kila mmoja alikumbuka kwamba ana safari. Tangu siku hiyo hakuna aliyetia kitu mdomoni nyumbani kwa Lukresia. Hata jumuiya, iliyosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, ikifika zamu yake ilimruka. Fabian ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na neno lake, akimwita Lukresia kwa jina la bintiye, lilikuwa lilelile: "Tumwache Mama Ruth apumzike, bado ana msiba."

Hayo yote aliyameza. Ndizi alizopewa ng'ombe zilimkwama kooni.

Jumamosi ile walisali kwa Filemon, fundi baiskeli. Lukresia alingoja mpaka sala ya mwisho, kisha akasimama.

"Fabian," alisema, na watu wakashtuka kwa sababu hakumwita Baba Gabriel kama siku zote. "Ndizi zangu zina nini?"

"Mama Ruth, hayo tutazungumza baadaye."

"Tutazungumza sasa. Mlimwogopa Julius, haya, amekufa. Mnaniogopa mimi, haya, nimenyamaza. Migomba yangu nayo imeugua? Kama ndizi zangu hazifai kuliwa, ungeniambia nisizibebe. Shingo hii si ya punda."

Monica aliinamia kanga yake, akaanza kuvuta uzi mmoja wa pindo. Lukresia alitoka bila kumuaga mtu, na njia nzima alizungumza peke yake kwa Kichagga, maneno ambayo mama yake angemchapa kwayo.

Asubuhi, Bibi Margareta wa nyumba ya juu alibisha hodi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye ulimi wa upupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe chumvi."

Lukresia alimtazama. "Umekuja kuchungulia kama na mimi nimeanza kukonda?"

"Nimekuja kuomba chumvi. Unayo au huna?"

"Ukiila ya kwangu utakufa."

"Nitakufa hata nikila ya askofu. Na hapo jikoni umepika nini?"

Kilikuwa kiburu cha jana, ndizi na maharage. Bibi Margareta alivuta kigoda, akaweka sufuria mapajani na kula kwa mkono hadi ukoko. Lukresia alisimama mlangoni huku hasira zikimchemka. Alitamani kumnyang'anya sufuria.

"Sitaki huruma yako, bibi."

"Huruma gani? Hiki kiburu kimepungua chumvi."

Akaondoka na chumvi yake kwenye jani la mgomba.

Kesho yake alirudi kuomba kiberiti. Keshokutwa alitaka kutolewa mwiba kisiginoni. Kila alikopita alisimulia, bila kuulizwa, alichokula kwa Lukresia na jinsi kilivyoyashinda mapishi ya wakwe zake wote. Siku moja Filemon naye akaja kuazima panga. Alilirejesha jioni likiwa limenolewa, akaomba maji, akanywa yote. Lukresia hakumkaribisha kiti. Lakini alipobaki peke yake alikaa kizingitini akalia, kwa uchungu na kwa ghadhabu, kwamba ilimlazimu mtu kulia kwa sababu jirani amekunywa maji.

Zamu yake ilipofika tena, Bibi Margareta alisimama mbele ya jumuiya akasema, "Jumamosi ni kwa Lukresia. Mimi naenda. Mwenye safari aseme sasa."

Lukresia aliapa hatapika. Akapika mtori wa ndizi na nyama, akikoroga kwa nguvu kana kwamba sufuria ndiyo iliyomkosea. Walikuja wachache. Fabian hakuja. Monica alikuja, mjamzito, akaketi karibu na mlango, akala, kisha akaosha vyombo vyote. Lukresia hakumsemesha.

Masika yakaingia, barabara ikageuka utelezi, magari yakakoma kupanda. Mchana mmoja wa mvua Fabian alipita mashambani akipiga yowe: uchungu umemshika Monica na mtoto hatoki. Wanaume wengi walikuwa wameshuka mjini. Walipata machela, walipata mabega matatu. Bega la nne lilikuwa la Lukresia. Aliikunja kanga, akaiweka begani, akaingia chini ya mti wa machela.

Waliteremka polepole kuelekea hospitali, tope likiwafika kwenye vifundo vya miguu, Monica akiguna. Fabian alikuwa mbele yake. Walipofika kwenye mteremko mkali aligeuza kichwa, uso umelowa.

"Mama Ruth, zile ndizi, mimi..."

"Tazama mbele. Unamtikisa mgonjwa. Maneno yako utayasema tukifika."

Walifika. Monica alichukuliwa ndani, na jioni wakaambiwa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Barazani, mbele ya wale waliobeba, Fabian alisema. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeamuru ndizi zipelekwe kwa ng'ombe, kwamba mkewe alikataa naye akamkaripia, na kwamba aliogopa.

Lukresia alimsikiliza huku akikamua maji kwenye kanga.

"Nimekusikia," alisema. "Mkeo akipata nguvu, jumuiya itakuwa kwangu. Usipokuja, nitajua hapa ulikuwa unaongea na ukuta."

Alikuja, akiwa amembeba mtoto. Lukresia alimpakulia bila kumwangalia usoni, naye akala chote, akaomba aongezwe. Wengine walikuwa wamejaa mpaka uani. Hasira haikumwisha Lukresia siku hiyo, wala mwezi ule. Ilikaa naye hadi kahawa ilipoiva, na hakuna aliyemharakisha. Ila walipokuja kumsaidia kuchuma, Monica akiwa mbele na mtoto mgongoni, aliwaonyesha waanzie mstari upi.