Maganda ya Danzi

Saa tisa na dakika tano alasiri, Jumanne ya tarehe 15 Februari 1927, mlango wa baa ya hoteli ulitiwa komeo. Saa hizo sheria ya London hairuhusu kuuza kileo, kwa hiyo ndipo chama cha wachanganyaji vinywaji kilipokuwa kikisikiliza mashauri yake. Mimi nilikuwa karani.

Shauri lilikuwa moja: nani alibuni kokteli iitwayo Februari, ya jini, limau, sukari na ute wa yai? Daftari letu lilimtaja Rupert Haldin, mkuu wa baa. Winifred Tapsell, msaidizi wake kwa miaka sita, alisema ni yake. Aliomba jaribio: kila mmoja achanganye mbele ya waamuzi, kwa jini ya chupa iliyofungwa kwa lakiri.

"Winnie, mpenzi, waletee wazee barafu," Haldin alisema. "Mikono ya kike inaiyeyusha tu, lakini kubeba utaweza."

Winifred alileta barafu.

Haldin alivunja lakiri, akapima, akatikisa. Mwenyekiti, Mzee Pargeter, alionja, akaweka glasi chini.

"Hii ni limau na yai, Rupert. Wiki iliyopita nilikunywa hapa kitu chenye uchungu wa chungwa."

"Jini yenyewe mbovu! Winnie, lete chupa yangu ya kila siku."

"Ile ninayoloweka maganda ya danzi, lile chungwa chungu, siku mbili?" Winifred aliuliza. "Umeimimina mwezi mzima, bosi. Pua yako ilikuwa likizo?"

Haldin alimsogelea. "Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Uliona lebo ukatosheka, ukaenda kuandikisha jina. Nikasema basi, nitawangoja wazee."

Jumapili Winifred alikuwa ameloweka maganda mbele yangu, nami nikaitia chupa lakiri. Sasa niliivunja lakiri hiyo.

"Barafu, Bwana Haldin," Winifred alisema.

Haldin alileta, Winifred akachanganya. Pargeter alimaliza glasi yote.

Kanuni yetu inamtaka aliyeshindwa akate jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

"Tunaweza kumwachia karani," Pargeter alisema kwa upole.

"Hapana," Winifred alisema. "Kanuni ifuatwe."

Alichovya kalamu katika wino mwekundu, akamkabidhi. Haldin alipiga mstari mmoja.

Winifred aliinamia daftari. "Herufi ya kwanza bado inasomeka."

Saa kumi kasoro dakika kumi, Haldin aliikata tena.