Kibuyu cha Sijaona

Wa kwanza kuisikia ile harufu alikuwa Sijaona, na hilo ndilo lililonifanya nimshuku.

"Fundi Bashiru," aliniambia, "kuna kitu kinaungua huko nyuma."

Nikamwambia ashughulike na kuni zake. Fundi wa stima ile ni mimi; mchochea moto wa wiki tatu anifundishe kazi? Lakini hatukwenda mbali. Tulikuwa tunaupanda mto, mikoko imeanza kutuacha, nami nikaisikia. Haikuwa kuni, maana moshi wa mkoko naujua hata nikiwa na mafua.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji. Wamatumbi huko milimani walikwisha kung'oa pamba ya Wadachi, na kila mtu alikuwa na habari ya ile dawa inayogeuza risasi kuwa maji. Sisi tulipakia risasi makasha ishirini, pamoja na askari kumi na wawili na shaushi aliyewaongoza, tukizipeleka Utete. Na Sijaona alikuwa Mmatumbi. Alisema kwao ni Kibiti, kwamba mama yake alihamia huko yeye akiwa bado tumboni. Sawa. Lakini kiunoni alifunga kibuyu kidogo ambacho hakukivua hata akilala.

"Mna nini humo?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Maji," akajibu.

Mwaka ule, mtu mwenye akili zake hajibu hivyo. Tangu siku hiyo nikawa namtazama kwa jicho la pembeni.

Basi nikaanza kutafuta. Tanuru lilikuwa zima, majivu yamezolewa. Nikapapasa matambara yaliyofunga mabomba, moja moja, hakuna lililoungua. Nikanusa kopo la mafuta. Nikainua mbao za sakafu, labda kaa limedondoka. Hakuna kitu, na harufu inazidi.

Bwana nahodha, Mdachi mwenye ndevu nyekundu, akashuka ngazi ameziba pua.

"Kama stima yangu inaungua, Bashiru, yuko mtu anayeiunguza. Tukifika Utete nataka jina lake."

Jina nilikuwa nalo mdomoni.

Nikafuata pua hadi nyuma kabisa, pale mhimili wa mashine unapotokea nje kwenda kuzungusha rafadha inayosukuma stima, na nani nikamkuta huko? Sijaona, amepiga magoti, kibuyu mkononi, anamimina. Mvuke ulikuwa ukipanda.

"Dawa!" nilipiga kelele. "Anaitilia mashine dawa!"

Askari wakamrukia, wakamfunga mikono kwa nyuma. Shaushi akasema hakuna cha kuulizana. Tukifika Utete, huyu ni kamba na mti. Bwana nahodha akaitikia kwa kichwa. Sijaona alinitazama mimi tu.

"Ni maji ya kunywa, Fundi. Pamepata moto, nilitaka kupapoza. Paguse mwenyewe."

Wakampandisha juu. Stima ikatiwa nanga, nikabaki peke yangu na mhimili. Nikapagusa. Kidole kikababuka.

Pale mhimili unapotokea pana kikombe cha chuma, na ndani yake hujazwa kamba laini zenye shahamu, zizuie maji ya mto yasiingie na wakati huohuo ziuache mhimili uzunguke bila taabu. Nikafungua kikombe. Nilichokivuta kilikuwa cheusi, kikavu, kinafuka moshi. Nikakinusa.

Usumba. Usumba wangu mwenyewe.

Mwezi uliopita Bwana nahodha alinipa kopo la kamba mpya zilizojaa mafuta meupe. Mtu mmoja sokoni akaniambia ni mafuta ya nguruwe. Sikuuliza mara mbili. Nililisukuma kopo mtoni kwa kijiti, nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kisha nikakijaza kikombe kwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi zilizochovywa mafuta ya nazi, kama marehemu baba alivyokuwa akikalafati mashua. Nilijiona mjanja. Ila mashua ya baba haikuwa na chuma kinachozunguka kutwa. Mafuta yalikwisha, usumba ukabaki unasugua mpaka ukashika moto.

Nitasema kweli: niliogopa. Hakuna aliyeona. Dirisha lilikuwa wazi na mto uko chini. Ningelitupa lile donge na habari ingeisha, isipokuwa kwa Sijaona. Kibuyu chake kilikuwa kimeanguka karibu na mguu wangu. Nikakiokota, nikanywa yaliyobaki. Maji ya mto, yenye ladha ya tope.

Nikapanda juu na donge mkononi, nikamwambia Bwana nahodha yote, pamoja na habari ya kopo.

Kisha nikarudi kutengeneza. Nilichana kilemba changu cha pamba, nikakisokota, nikakilowesha shahamu ya ng'ombe kutoka kwa mpishi wa askari, nikajaza kikombe. Sikukikaza sana. Niliacha maji yadondoke tone moja moja, yaupoze mhimili. Harufu ikakatika.

Utete nililazwa chini, nikachapwa viboko ishirini na tano. Sijaona akafunguliwa. Wakati makasha yanashushwa nilimkuta ukingoni, anajaza kibuyu.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Panda, twende. Kuni zinakungoja."

Akatikisa kichwa, akaanza kutembea kuelekea kusini, upande wa milima.

"Kibiti ni ng'ambo!" nikamwita.

Akasimama. "Huko milimani sijafika hata siku moja, Fundi. Simjui mtu. Lakini wiki tatu nzima umenitazama kama mtu wa huko, na wenzako wameniandalia kamba kwa ajili ya huko. Basi nakwenda huko."

Akakifunga kibuyu kiunoni, akaenda zake. Nyuma yangu askari walikuwa wakihesabu makasha ya risasi, ambayo mimi ndiye niliyeyafikisha salama.